Tumeambiwa tuache chupa za plastiki, bomba liko wapi?

Ndugu Mhariri,

Naandika nikiwa bado na hasira, kwa hiyo naomba univumilie. Jana nilikwenda kwenye ofisi moja ya umma hapa Dar es Salaam kufuatilia hati ambayo nimezungushwa nayo tangu mwaka jana. Joto la Februari hapa mjini mnalijua: saa nne tu asubuhi nguo imeshagandia mgongoni. Ndiyo maana hutoka nyumbani na chupa yangu ya chuma, ile inayotunza baridi, maji nimeyachemsha mwenyewe usiku. Niliinunua kwa sababu kila nikifungua redio nasikia wananchi tupunguze plastiki. Nikapunguza.

Getini kijana wa ulinzi akaniamkia vizuri tu, "Shikamoo mama," kisha akainyooshea kidole chupa: "Hiyo huingii nayo." Kisa, haionyeshi kilichomo. Nikaifungua, nikapiga mafunda mawili mbele yake aone kuwa si tindikali. Akacheka, akasema yeye ana maagizo yake. Na pale pale, hatua chache kutoka kwenye meza yake, kuna kibanda cha maji ya chupa, ndogo mia tano, na kila aliyenunua hapo alipita bila kuulizwa. Yangu ikabaki chini ya meza.

Nilikaa kwenye benchi mpaka saa nane. Uani kuna bomba. Kulifuata, nakuta koki imezungushiwa waya na kupigwa kufuli, na kufuli lenyewe limeota kutu, yaani hata mwenye ufunguo hajafika hapo siku nyingi. Kwenye chumba cha watumishi niliuona mtungi mkubwa wa maji ya baridi umesimama juu ya mashine yake. Nikaomba hata nusu kikombe nimezee dawa ya presha. "Haya ya wafanyakazi, mama. Nenda kantini." Kantini hawana maji ya kikombe, wana ya chupa. Basi nikanunua plastiki, Mhariri, ndani ya jengo ambalo ukutani wamebandika tangazo la kutunza mazingira!

Tulipokatazwa mifuko ya plastiki Juni 1, 2019, hatukubisha. Faini ya kukutwa nayo ilianzia shilingi elfu 30, ila mimi nasema si faini iliyotubadilisha. Mifuko mbadala iliingia sokoni upesi, na vikapu vya ukindu tulikuwa navyo tangu enzi za bibi zetu. Sasa kwenye maji mbadala wake ni upi? Chupa ya lita moja kwa joto hili haifiki adhuhuri. Ikiisha, kama hakuna pa kujazia, umebeba chuma kitupu mjini. Wenzetu Kenya tangu Juni 2020 wamekataza chupa za plastiki za kutumia mara moja kwenye hifadhi na fukwe za umma. Mimi marufuku siitaki kwanza. Nataka bomba.

Kila mvua kubwa ikifunga barabara pale Jangwani tunaambiwa ni sisi, tunatupa chupa kwenye mitaro mpaka Msimbazi unafurika. Kutupa tunatupa, sikatai. Lakini hebu tazama taarifa ya habari siku waheshimiwa wana semina, hata iwe ya mazingira: mbele ya kila mmoja chupa mbili, moja imefunguliwa ikanywewa theluthi, ya pili haijaguswa. Wakija kufanya usafi mtaani ni hivyo hivyo, glovu mpya, kamera, na katoni za maji nyuma ya gari. Wakishaondoka, chupa tunaziokota sisi.

Na kwa kuwa nimeshaanza, niseme na la choo. Ukishanunua maji ya mia tano ukayanywa, choo cha stendi kinakudai mia tatu, na ndani hukuti tone la kunawia. Wanawake wengi tunashinda na kiu makusudi tukiwa safarini ili tusije tukahitaji choo. Hilo sijawahi kumsikia mgombea yeyote akilitaja jukwaani.

Mkuu wa ofisi ile akisoma hapa atajijua. Ombi langu: avunje lile kufuli, aweke koki mpya na chujio, amtaje mtumishi mmoja wa kulisimamia bomba, na kijana wa getini apewe maagizo mengine. Asiseme hakuna fungu. Koki haifiki bei ya maji ya semina moja.

Msomaji wako,
Kimara, Dar es Salaam