Tuanzishe Klabu ya Ndege Sumbawanga

Wananchi wenzangu wa Sumbawanga, Nkasi, Kalambo na Bonde la Rukwa,

Kuku anayeletwa mjini kuuzwa mara nyingi huingia kichwa chini. Amefungwa miguu kwa kamba ya katani, ananing'inia kwenye usukani wa baiskeli au ubavuni mwa bodaboda pamoja na wenzake, na njia yenyewe mnaijua ilivyo kwa vumbi na mashimo. Tumezoea kumwona hivyo hata macho hayashtuki. Mnunuzi anampapasa kidari, wanapatana bei, basi.

Naanza na kuku makusudi, ingawa shida yangu ni kuwaomba tuanzishe klabu ya ndege. Ukitaja klabu ya ndege, watu hapa hufikiria wageni wenye darubini na kofia pana, waliopanda milima ya Mbizi kumtafuta ndege mmoja, wakampata, wakaondoka. Hao waje na karibu yao ipo. Lakini klabu ninayoiombea ni ya wenyeji, na kazi yake ianzie kwa ndege tunayemla Jumapili. Mtu asiyemwonea huruma kuku aliye mkononi mwake hatamwonea huruma korongo aliye mbali bondeni.

Kuku hana kile kiwambo kinachotenga kifua na tumbo kama alichonacho binadamu. Akigeuzwa kichwa chini, matumbo na ini hulalia mapafu na vifuko vyake vya hewa, na kila pumzi anaipigania. Miguu huteguka, mabawa huvilia damu, na mama lishe yeyote aliyenyonyoa kuku wa safari ndefu ameyaona yale mabaka meusi pajani. Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Na. 19 ya mwaka 2008, inakataza kumtesa mnyama, na kumsafirisha kwa namna ya kumuumiza ni sehemu ya mateso hayo. Sheria tunayo, basi. Ila sitaki muuza kuku anayetafuta ada ya mwanawe aburuzwe mahakamani kwa kosa ambalo hakuna aliyewahi kumweleza. Matenga yanasukwa na watu tunaowafahamu. Klabu ikiwa na matenga machache ya kuazimisha siku za gulio, kwa rehani ndogo inayorudishwa tenga likirudi, wachuuzi wataona wenyewe kwamba kuku aliyefika mzima hununuliwa upesi kuliko aliyefika anahema.

Tuje kwa bundi, maana hapo ndipo penye ugomvi mkubwa. Nchi nzima inatutania kwa uchawi. Mtu wa Sumbawanga akipanda basi la Dar es Salaam hafiki Mbeya kabla hajaulizwa kama ungo wake ameuacha nyumbani. Tunacheka, tunajitetea, tunasema huo ni uzushi wa watu wasiotujua. Halafu bundi akitua juu ya bati saa nne usiku, sisi hao hao tuliokuwa tukijitetea tunatoka na mawe na kijinga cha moto.

Bundi anayepigwa zaidi ni yule mwenye uso mweupe wa umbo la moyo, anayependa dari za makanisa, maghala na nyumba zilizohamwa. Anafuata panya. Mahali tunapohifadhi mahindi ndipo panya walipo, na panya walipo ndipo naye atatua, hata kama pana mgonjwa ndani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo pale Morogoro wamewafuatilia panya wa mashambani kwa miongo kadhaa, na makadirio yanayonukuliwa mara nyingi ni kwamba panya hutupotezea kati ya asilimia 5 na 15 ya mahindi ya nchi kila mwaka. Fanya hesabu hiyo kwenye magunia yako mwenyewe. Bundi wawili wenye makinda hukamata panya kadhaa kwa usiku mmoja, bila mshahara na bila sumu. Tunamuua yeye, kisha tunakwenda dukani kununua sumu ya panya, na bundi mwingine anamla panya aliyelegea kwa sumu hiyo naye anakufa. Kwa watu wanaosifika kwa kilimo, hesabu hiyo haina kichwa wala miguu.

Kuna waliofanya vingine. Katika kitongoji cha Alexandra, Johannesburg, ambako panya walikuwa kero ya kila nyumba, shule ziliwekewa masanduku ya bundi na wanafunzi wakapewa kazi ya kuwalea hadi waruke. Na huko nako bundi anaogopwa vile vile kama kwetu. Israel na Jordan, nchi zisizoelewana kwa mengi, zina wakulima wanaotumia masanduku ya namna hiyo kupunguza panya mashambani.

Sina nia ya kubishana na imani ya mtu. Mzee anayeamini bundi ni mjumbe wa kifo sitamgeuza kwa maneno haya, na heshima yake iko pale pale. Ninachomwomba ni kidogo: asimpige. Atume mtoto awaite watu wa klabu, nao waje wamtengenezee sanduku la mbao juu ya mti mbali kidogo na nyumba, wasubiri makinda yakue, kisha wazibe tundu la darini. Mzee alale, bundi awinde.

Wako pia vijana wa manati na ulimbo. Najua wengi wenu mnasema, huo ni utoto, sote tulipitia. Kweli tulipitia. Lakini tulipopitia sisi miti ilikuwa mingi zaidi na watoto walikuwa wachache zaidi. Tena ndege wa porini ni mnyamapori mbele ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na kumwinda au kumkamata bila kibali ni kosa. Sipendekezi tuwatishe watoto kwa sheria. Katika mtaa wowote, anayejua kiota kiko wapi, kina mayai mangapi na mama hurudi saa ngapi ni kijana wa manati. Klabu ikimwacha huyo nje na kuwachukua tu wanafunzi wenye mwandiko mzuri, itakuwa imewaacha wataalamu wake mlangoni.

Wapo waliobadilika haraka kuliko tunavyodhani inawezekana. Kuna kozi mdogo, kozi wa Amur, anayezaliana Siberia ya mashariki na kaskazini mwa China. Kila mwaka huvuka India, kisha Bahari ya Hindi bila pa kutua, na kuingia Afrika Mashariki mvua zinapoanza na kumbikumbi wanatoka, akielekea kusini. Mwaka 2012 ilijulikana duniani kwamba wanakijiji wa Nagaland, kaskazini mashariki mwa India, karibu na bwawa la Doyang, walikuwa wakiwanasa kozi hao kwa nyavu za kuvulia samaki, maelfu kwa siku, na kuwauza kwa kitoweo. Mwaka uliofuata, 2013, hawakunasa hata mmoja. Halmashauri za vijiji zilikaa na kukubaliana, makanisa yakahubiri, watoto wakaundiwa klabu, na waliokuwa wakiwanasa wakapewa kazi ya ulinzi. Yote hayo ndani ya miezi kumi na miwili. Anayesema mila haiwezi kubadilika hapa kwetu Ufipa aeleze tunawazidi nini kwa ukaidi watu wa Nagaland.

Rwanda, jirani zetu, wana kisa cha korongo taji, yule mwenye shada la dhahabu kichwani, ambaye tunaye katika nyasi na mabwawa yetu. Tangu mwaka 2012 amewekwa katika orodha ya kimataifa ya ndege walio hatarini kutoweka, na moja ya sababu ni kwamba watu humpenda vibaya: wanachukua makinda mabwawani, wanayakata mabawa, wanayafuga kama pambo bustanini. Kule Rwanda daktari wa mifugo Olivier Nsengimana na wenzake waliwatangazia wenye korongo majumbani na hotelini wajiandikishe bila kuogopa adhabu. Zaidi ya 200 waliorodheshwa. Walioweza kurudi porini walipelekwa Hifadhi ya Akagera, na wale ambao mabawa yao yalishaharibika wakajengewa makao Kigali. Hesabu ya nchi nzima mwaka 2017 ilipata korongo 487. Miaka michache baadaye walipita 1,000. Nasisitiza hilo la kutoogopa adhabu, maana sisi tukianza kwa kutafuta wahalifu tutabaki na klabu ya watu watatu na maadui mia.

Mkulima wa mpunga na mtama kule bondeni ananisoma sasa hivi akiuliza, na kwelea kwelea je? Ana haki ya kuuliza. Kwelea mmoja hula takriban gramu 10 za nafaka kwa siku, na kundi la milioni moja ni tani 10. Sitamwambia mtu aliyelima kwa jembe awapende ndege wanaommaliza. Ninachodai ni uangalifu. Dawa inayonyunyiziwa kwelea kutoka angani, fenthion, haimchagui wa kumuua. Mwewe na bundi wanaookota kwelea waliolegea hufa nao, na watoto wanaookota ndege hao kwa mboga wamo hatarini pia. Wilayani Kondoa, mkoani Dodoma, wanakijiji huwanasa kwelea kwa mitego na kuwala. Kwa maoni yangu njia hiyo, palipo na kundi dogo, ni bora kuliko ndege ya sumu. Klabu ingekuwa na kazi mbili hapo: kumjulisha afisa kilimo mapema kundi linapoonekana, kabla halijawa kubwa la kuhitaji dawa, na dawa ikishapigwa, kupita vijijini kuwazuia watu wasiokote.

Tusisahau pia kwamba mkoa huu una historia na nzige. Nyanda za Ziwa Rukwa ni miongoni mwa mazalio yanayojulikana ya nzige wekundu, ambao kuanzia mwaka 1930 hadi 1944 walizagaa sehemu kubwa ya kusini mwa Afrika. Ndiyo maana mwaka 1949 ilianzishwa huduma ya kimataifa ya kuwadhibiti, makao yake Abercorn, yaani Mbala ya leo, hapo ng'ambo tu ya mpaka wa Kalambo. Mwaka 2009 nzige hao walipozidi tena Iku-Katavi, nyanda za Rukwa na bonde la Malagarasi, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilisaidia kuwanyunyizia kuvu wanaoua nzige bila kudhuru ndege. Ni jambo zuri, maana korongo wengi, pamoja na wale weupe wanaokuja kutoka Ulaya wakati wa mvua, hula nzige na viwavijeshi wakiwa bado wadogo ardhini. Askari wa mbele hao, nao tunawarushia mawe.

Kuhusu moto wa nyasi sitasema mengi, kwa kuwa kila mwaka tunaambiwa na kila mwaka Agosti milima inawaka. Ndege wengi wa uwanda wetu hutaga chini kwenye nyasi. Anayechoma Oktoba anachoma na mayai.

Sasa klabu yenyewe. Pale Nairobi kuna matembezi ya ndege ya kila Jumatano asubuhi yaliyoanza mwaka 1971 na yanaendelea. Yeyote anajiunga, hata asiyemjua chiriku. Kwetu hapa Tanzania, Malihai Clubs zipo tangu mwaka 1980 na zimefundisha maelfu ya wanafunzi, lakini mwanafunzi akimaliza shule hana pa kuendelea. Nafasi hiyo ndiyo naiona wazi. Fundi cherehani, mwalimu mstaafu, mama wa dagaa, kijana wa bodaboda: hawa wanafaa kuwa wanachama. Mara moja kwa mwezi watembee: mwezi huu kando ya Ziwa Kwela, mwezi ujao pembezoni mwa msitu wa Mbizi kwa ruhusa ya Wakala wa Huduma za Misitu (TFS), na kiangazi waende Kalambo, ambako korongo mfukoshingo hujenga viota kwenye kuta za lile genge la maporomoko, na wawaombe wageni wasirushe mawe chini. Waandike walichokiona, wapi, tarehe gani. Mradi wa Atlasi ya Ndege wa Tanzania umekuwa ukikusanya kumbukumbu kama hizo tangu miaka ya 1980, na Nature Tanzania, mshirika wa BirdLife nchini, wanaweza kutuelekeza. Darubini zitakuja baadaye. Macho ya watoto wetu yanaona mwewe angani kabla sisi hatujavaa miwani.

Kila mwaka, Jumamosi ya pili ya Mei na ya Oktoba, dunia huadhimisha Siku ya Ndege Wahamao. Napendekeza tuanze Jumamosi ya pili ya Oktoba ijayo, kabla mvua hazijashika. Wenyeviti wa mitaa watangaze kwenye mikutano yao. Mapadre, wachungaji na masheikh watusemee neno moja baada ya ibada. Walimu wakuu watupe uwanja wa shule kwa asubuhi moja. Afisa mifugo na afisa maendeleo ya jamii waje, mmoja atueleze sheria ya 2008 kwa lugha rahisi, mwingine atuonyeshe fomu ya kusajili kikundi. Kiingilio kisizidi bei ya daftari, na viongozi wachaguliwe siku hiyo hiyo, nusu yao wanawake, angalau mmoja awe na umri wa chini ya miaka 18.

Maseremala wa mjini, tunahitaji vipande vya mbao vinavyobaki kiwandani kwenu. Na mwenye nyumba yeyote aliye na bundi darini ajitokeze siku hiyo bila kuona aibu, ataje mtaa wake, ili sanduku la kwanza lipandishwe kwake wiki inayofuata.