Bosoni za W na Z katika migongano ya protoni na risasi

Bosoni za W na Z ni chembe zinazobeba kani dhaifu, ile inayofanya baadhi ya viini vya atomu vitoe mionzi ya beta. Nadharia iliyounganisha kani hiyo na ile ya umeme na sumaku iliwapatia Abdus Salam wa Pakistan na Wamarekani Sheldon Glashow na Steven Weinberg Tuzo ya Nobel mwaka 1979. Chembe zenyewe zilionekana CERN mwaka 1983. Ni nzito mno: masi ya Z ni karibu mara 97 ya protoni.

Mashine ya LHC huko CERN ina mzingo wa kilomita 27, karibu sawa na safari ya Barabara ya Morogoro kutoka Posta hadi Kibamba. Mwaka 2013, na tena 2016, iligonganisha protoni na viini vya risasi (metali ya betri za magari). Swali lilikuwa hili: je, protoni iliyomo ndani ya kiini kizito ni sawa na ile iliyo huru? Vipimo vya CERN vya mwaka 1983 kwa kutumia chuma vilikwisha kuonyesha kuwa si sawa kabisa.

Bosoni hizi ni shahidi mzuri kwa sababu haziguswi na kani kali. W ikivunjika hutoa, kwa mfano, myuoni, ambayo hupita bila kusumbuliwa na vurugu za mgongano. Lakini kuna hesabu ya kufanya kwanza. Protoni ina kwaki mbili za juu na moja ya chini. Nyutroni ni kinyume chake. Risasi ina protoni 82 na nyutroni 126, hivyo W hasi huongezeka zikilinganishwa na W chanya, hata kama kiini hakijabadilisha kitu. Asiyeondoa tofauti hii atadhani amegundua jambo jipya.

Baada ya kuiondoa, tofauti nyingine ilibaki. Matokeo ya jaribio la CMS yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha kuwa, upande ambao protoni inaelekea, W ni chache kuliko zinavyotabiriwa na hesabu za chembe huru. Bila kujua upungufu huo, migongano ya risasi kwa risasi haiwezi kusomwa sawasawa.

Kwa Afrika, iThemba LABS ya Afrika Kusini inashiriki katika jaribio la ALICE, ambalo hupima W kwa myuoni. Afrika Mashariki ina taasisi ya EAIFR mjini Kigali, iliyofunguliwa mwaka 2018 chini ya kituo cha ICTP alichoanzisha Salam mjini Trieste mwaka 1964. Aidha, tangu Desemba 2020 majaribio makuu ya LHC yana sera ya pamoja ya kutoa data zao bure kwa umma. Mwanafunzi wa Mbagala au Kimara anaweza kuzichambua akiwa na kompyuta na mwalimu wa kumwelekeza. Gharama iliyobaki ni kifurushi cha intaneti, nacho si kidogo kwa mafaili makubwa kiasi hicho.