Majani ya Malisho na Majina Yake

Kiangazi kinapokwisha huku Arua na Koboko, na moto umekwisha kupita mbugani, mvua za kwanza huotesha majani mabichi yanayopendeza macho. Jamaa za askari wenye mbuzi wawili watatu, pamoja na wafugaji wa vijijini, hufurahi kwa kuwa shida ya malisho imepungua. Lakini furaha hiyo yataka uangalifu. Mtama mwitu, na hata mtama wa shambani unaochipua baada ya kukatwa au kunyauka kwa ukame, huwa na sumu katika majani yake machanga. Ng'ombe akiyala kwa wingi aweza kufa kwa muda mfupi.

Taabu ni kuyatambua. Nyasi hutambulikana hasa kwa maua na mbegu zake. Zikiwa changa, au zikiwa zimekwisha kuliwa na mifugo, hata mtaalamu huweza kuchanganyikiwa. Kwa sababu hiyo imetafutwa njia nyingine.

Mwaka 2003 Paul Hebert wa Chuo Kikuu cha Guelph, Kanada, pamoja na wenzake, walipendekeza kwamba aina za wanyama zitambuliwe kwa kipande kifupi cha vinasaba, mfano wa ile mistari myeusi iliyochapwa kwenye pakiti ya sabuni dukani. Kipande kilichofaa kwa wanyama hakikufaa kwa mimea. Basi mwaka 2009 wataalamu wa mimea walikubaliana kutumia vipande viwili, viitwavyo rbcL na matK. Kazi yenyewe huwa hivi: jani hukaushwa upesi, vinasaba hutolewa katika maabara, kipande kinachotakiwa hunakiliwa mara nyingi kwa mashine, kisha husomwa na kulinganishwa na vile vilivyowekwa akiba.

Jirani zetu wa Kenya wamekwisha kuona faida yake. Huko Mpala, katika kaunti ya Laikipia, watafiti walichunguza vinasaba vya mimea katika kinyesi cha wanyama wa aina 7, wakiwamo tembo, nyati, pundamilia na ng'ombe. Matokeo yalitolewa mwaka 2015. Yalionyesha kuwa hata pundamilia wa aina mbili, ambao wote ni walaji wa nyasi, hawali nyasi zile zile kwa kiasi kile kile. Mtu akitazama kwa macho tu angesema wote wanakula majani.

Hata hivyo, njia hii ina mipaka. Nyasi zilizo ndugu wa karibu huweza kuwa na vipande vinavyofanana kabisa, hata ikalazimu kusoma kipande cha tatu. Tena maabara haiwezi kutaja jina ambalo halikuwekwa katika akiba. Lazima kwanza mjuzi auone mmea mzima wenye ua, aupe jina, na aukaushe katika hifadhi kama ile ya Chuo Kikuu cha Makerere. Kitabu kikubwa cha mimea ya Uganda, Kenya na Tanzania, kilichokamilika mwaka 2012, kina aina zaidi ya 12,000. Kila moja ilihitaji mtu wa kuinama na kuichuma.

Hapo ndipo wazee wetu wanapohitajiwa. Mchungaji mzee ajua kwa Kilugbara au Kikakwa jani la kuezekea, jani la maziwa na jani la kuogopwa. Akifariki bila kuulizwa, mashine haitaturudishia maarifa yake.

Kwa hiyo, mkiona jani mnaloshuku, zuieni wanyama wasilile. Ling'oeni pamoja na mizizi, na ua likiwapo. Libaneni katikati ya magazeti chini ya kitu kizito hadi likauke. Andikeni mahali, tarehe na jina la kienyeji, kisha mlipeleke kwa ofisa wa mifugo. Watoto wapewe kazi ya kuwauliza babu na bibi zao majina hayo na kuyaandika daftarini.