"Apumzike" Si Matibabu

Wacha niseme kitu kitakachoudhi watu: kumtoa mtu hospitalini na stenti kwa moyo, halafu kumkalisha kwa kochi miezi mitatu, si kumpenda. Ni kumharibu.

Mzee wangu alizibuliwa mshipa wa moyo mwaka jana. Daktari alifanya kazi safi, hapo sina neno. Lakini siku ya kutoka tulipewa bili, dawa, tarehe ya kliniki baada ya wiki sita, na neno moja: "Apumzike." Basi tukampumzisha kweli kweli. Mama alimkataza hata kufika kwa geti. Kufikia mwezi wa pili, mzee alikuwa anaogopa ngazi nne za mlango wetu wenyewe. Mshipa ulikuwa wazi, lakini mwenye mshipa amefungwa.

Kumbe kuna kitu kinaitwa rihabu ya moyo. Najua, ukisema rihabu hapa Kenya watu wanafikiria pombe. Hii ni tofauti: mazoezi yanayosimamiwa, presha ikipimwa, unafunzwa dawa na chakula, unasaidiwa kuacha sigara, na ule woga unazungumziwa. Marekani programu ya kawaida ni vipindi 36 kwa kama wiki 12. Uingereza, mwongozo wa NICE unataka ianze ndani ya siku 10 baada ya kutoka hospitalini. Siku kumi! Sisi hizo siku kumi tulikuwa bado tunapokea wageni wa pole.

Na tarehe si jambo dogo. Utafiti wa Detroit uliochapishwa 2013 uliwapa wagonjwa wengine wa moyo miadi ndani ya siku 10, wengine baada ya siku 35. Wa mapema, asilimia 77 walifika. Waliocheleweshwa, asilimia 59. Si ajabu. Mtu akitoka wodini bado ameshtuka, yuko tayari kubadilika. Mwache mwezi mzima, atakuwa ameshazoea kochi.

"Lakini stenti itatoka!" Haitoki kwa kutembea. Imebanwa kwa ukuta wa mshipa kwa puto. Cha kuogopa ni kuacha kiholela zile dawa za kuzuia damu kuganda. Sisemi mtu abebe mtungi wa maji kesho yake. Kidonda cha mkono au cha kinena kinahitaji siku zake, na daktari lazima apime kwanza kila mgonjwa anaweza nini, hasa kama alipata shtuko la moyo. Lakini kupima ni kupima. Si kunyamaza wiki sita.

Mtaniambia vituo vya rihabu ni vichache, na viko mijini. Kweli. Ila hospitali yenye uwezo wa kuweka stenti ya malaki ya pesa haiwezi kushindwa kuandika karatasi moja: tembea dakika hizi, ongeza hivi, ukisikia kifua kinabana simama, piga nambari hii. Hiyo karatasi inagharimu nini?

Kwa hivyo tuma hii kwa grupu ya familia. Mkienda kumchukua mgonjwa wenu, kabla hamjasaini chochote, ulizeni: anaanza lini, dakika ngapi, na nani atamfuatilia? Mkijibiwa "apumzike" peke yake, msiondoke. Ulizeni tena.