MLINZI ALIYETUPIGA MIZINGA



Wako watu katika nchi hii, tena si wajinga, wasemao barazani na sokoni kwamba kisiwa ni kitu kidogo, na kitu kidogo hakina siasa ya nje. Wajibu wake ni kutafuta mkubwa mmoja, kujikunyata chini ya kwapa lake, na kumwachia yeye mambo ya manowari na mabalozi. Wakitaka kutunyamazisha hutuonyesha Ghuba. Husema: tazameni Qatar, tazameni Kuwait na Bahrain, zimemkumbatia Mmarekani na zinalala usingizi. Sisi tunasema maneno hayo ni uwongo kwa Ghuba, na kwa Unguja ni uwongo zaidi.

Natuanze na kwetu. Tarehe 27 Agosti 1896, saa tatu ya asubuhi, manowari za Kiingereza zilizotia nanga hapa mbele ya Forodhani zilifungua mizinga juu ya jumba la Sultani. Haikutimia saa moja. Jumba liliwaka moto, merikebu ya Glasgow ikazama bandarini, na watu kiasi cha mia tano wa upande wetu wakauawa au kujeruhiwa. Kwa upande wao alijeruhiwa baharia mmoja. Kosa la Seyyid Khalid bin Barghash lilikuwa kukalia kiti bila ya ruhusa ya Balozi wa Kiingereza. Hatumtetei Seyyid Khalid, wala hatuulilii usultani. Tunalotaka mlione ni hili: Mngereza yule katika karatasi hakuwa adui. Alikuwa mlinzi wetu, na himaya yake ilikuwa na umri wa miaka sita tu.

Tulifikaje hapo? Mwaka 1862 Mngereza na Mfaransa waliandikiana kwamba kila mmoja atauheshimu uhuru wa Sultani wa Maskati na wa Sultani wa Unguja. Ahadi nzuri, lakini mwenye mali hakuwamo katika waliotia saini. Sisi tuliofundishwa tangu chuoni kuwa deni huandikwa mbele ya mashahidi na mdaiwa mwenyewe akaimlisha, tunajua karatasi ya namna hiyo ina uzito gani. Muda wote wakubwa wale walipooneana wivu, Unguja ilipumua. Agosti 1885 manowari za Kijerumani zikaja kumtisha Seyyid Barghash kwa ajili ya nchi za bara. Akamtazama rafiki yake Mngereza, na rafiki akamshauri akubali. Mwaka uliofuata Mngereza na Mjerumani wakakaa London wakampimia maili kumi za mwambao, naye akaletewa aridhie. Mwaka 1890 wakamaliza kazi: Mjerumani akapewa kisiwa cha Heligoland huko Ulaya na akauachia mkono Unguja na Pemba, Mfaransa, yule wa ahadi ya 1862, akanyamazishwa kwa Madagascar. Mrima ukauzwa kwa Mjerumani kwa mark milioni nne.

Kwa hiyo khatari ya nchi ndogo haiwi tu pale wakubwa wanapogombana. Khatari iliyo kubwa zaidi ni siku wanapopatana na wewe hukualikwa.

Sasa twende Ghuba. Masheikh wa huko walitia saini karatasi za sampuli ile ile: Kuwait 1899, Qatar 1916. Lakini walipopata bendera zao walijifunza jambo ambalo mwenye duka yeyote wa Darajani analijua: ukinunua kwa tajiri mmoja tu, bei huipanga yeye. Oman imepakana na Saudia, na ng'ambo ya mlango wa Hormuz iko Iran. Mwaka 1979 ilikataa kuvunja ubalozi na Misri. Mwaka 1980 ikamruhusu Mmarekani kutumia viwanja vyake vya ndege, na wakati huo huo mlango wa Tehran haikuufunga. Mwaka 2015 ilikataa kuingia vita vya Yemen. Wamarekani na Wairani walipotaka kusemezana kwa siri mwaka 2013, walikwenda Maskati. Hiyo ndiyo siasa ya nje ya nchi isiyo kubwa, na haikupatikana kwa kujikunyata.

Ama Qatar, iliyoweka Al Udeid kituo kikubwa kabisa cha Mmarekani katika Ghuba, ililala usingizi gani? Juni 2017 Saudia, Imarati, Bahrain na Misri waliifungia njia za nchi kavu, bahari na anga, na kufungwa huko kukaendelea hadi Januari 2021. Kilichoisaidia ni meli na ndege zilizopita kwa Oman, Iran na Uturuki, yaani marafiki wengine. Mwaka 2025 ikapigwa na pande zote mbili: Juni makombora ya Iran yalielekezwa Al Udeid, na Septemba ndege za Israeli, rafiki wa mlinzi wake, zikapiga Doha yenyewe. Jamaa zetu wengi wako Maskati na Dubai, na siku zile hakuna nyumba mjini hapa isiyopiga simu.

Na Ras al-Khaimah je? Tarehe 30 Novemba 1971 Iran ilivinyakua visiwa vya Tunb, ilhali mkataba wa ulinzi wa Mngereza ulikuwa bado una siku yake moja. Mlinzi alikuwapo, akitazama.

Tumeitaja Ras al-Khaimah kwa makusudi. Oktoba 2018 serikali yetu ilitia saini na kampuni ya huko, RAK Gas, kutafuta mafuta na gesi katika bahari yetu ya Unguja na Pemba. Mafuta tumeruhusiwa kuyashughulikia wenyewe tangu sheria ya 2015. Lakini ulinzi na mambo ya nje ni ya Muungano tangu 1964, katika orodha iliyoanza na mambo 11 na kufika 22. Desemba 1992 Zanzibar ilijiunga na Jumuiya ya Nchi za Kiislamu. Agosti 1993 ikatolewa, kwa kuambiwa kuwa kisiwa hakina mkono wa kujiunga na dola za nje. Basi mkono wa kutia saini visima tunao, na mkono wa kuzungumza na majirani wa yule tuliyetia saini naye hatuna. Akigombana kesho na Iran au na Saudia, nani atasema kwa niaba ya Pemba, na atasema kwa maslahi ya nani?

Tunawataka wanachama katika kila tawi, Unguja na Pemba, waliulize swali hili kwa sauti, na wawatake viongozi wauombe mkataba wa 2018 usomwe hadharani kwa Kiswahili, kifungu kwa kifungu, pamoja na majina ya waliokuwapo siku ya kutiwa saini.