Kama huwezi kuiandika kwenye posti, usiifanye

Leo naongea na nyinyi mnaouza mitumba mtandaoni, hasa mnaonunua kitu chenye kasoro kwa bei ya chini, mnakirekebisha nyumbani, halafu mnakiuza. Na mimi ni mmoja wenu. Nauza mikoba, viatu na majaketi, mzigo nachagua mwenyewe Karume, na meza yangu ya kulia chakula imeshageuka karakana: gundi, sindano, wembe, mishumaa, mswaki wa kusugulia.

Kuna ushauri unazunguka sana kwetu: "Tengeneza, piga picha nzuri, uza, nyamaza." Yaani mteja asijue kwamba kitu kilikuwa kibovu, kwa sababu akijua atashusha bei. Mimi nimeufuata ushauri huo na umenigharimu. Leo naupinga, na nitawaambia kwa nini.

Nilikuta mkoba wa ngozi halisi, rangi ya kahawia, shilingi 7,000. Mzuri kwa kweli. Tatizo lilikuwa mkanda: pale unapoingia kwenye pete, ngozi ilikuwa imepasuka nusu. Nikanunua gundi ya 1,000 na rangi ya viatu ya 2,000. Nikabandika, nikapaka rangi juu ya ufa, nikauning'iniza usiku kucha. Asubuhi hata mimi mwenyewe nilipata tabu kuuona ule ufa. Nikapiga picha kwenye mwanga wa dirishani, nikaandika: "Ngozi halisi, hali nzuri sana, 35,000." Haukumaliza siku mbili.

Aliyeununua ni dada mmoja wa Morogoro, mteja wangu wa muda. Akatuma 40,000, pamoja na 5,000 ya basi. Wiki moja baadaye akanitumia picha: mkanda umekatika palepale, yuko stendi, vitu vimemwagika chini. Nikajiandaa kutukanwa. Hakutukana. Alituma sauti fupi tu: "Dada, ungeniambia ningeushonesha kabla sijaubeba."

Sentensi ile iliniuma kuliko tusi. Kumbe asingeukataa mkoba! Angeuchukua vilevile, pengine kwa bei pungufu kidogo, angeupeleka kwa fundi viatu, maisha yangeendelea. Nilichomnyima ni nafasi ya kuamua mwenyewe.

Nikamrudishia 40,000 yote. Piga hesabu: 10,000 ya mkoba na vifaa imeenda, 5,000 ya basi imeenda, na mkoba nikamwambia abaki nao. Hasara 15,000. Baadaye nikamuuliza fundi viatu wa mtaani kwangu angechukua shilingi ngapi kuushona mkanda ule pande zote mbili kwa uzi wa viatu. Akasema 3,000. Bei ile ile ya gundi na rangi niliyotumia kuficha.

Na yule dada hajawahi kuninunulia tena. Hiyo hasara sijui niiandike safu gani ya daftari.

Tangu hapo nina sheria moja. Kabla sijagusa kitu, najiuliza: kazi hii ninayotaka kuifanya, nitaweza kuiandika kwenye posti kama ilivyo? Kama naweza, naifanya. Kama naona aibu kuiandika, basi hiyo siyo kurekebisha, ni kuficha. Jaribu kuandika: "Mkanda ulipasuka, nimebandika gundi na kupaka rangi juu." Unaona? Hakuna wa kununua. Sasa andika: "Mkanda ulipasuka karibu na pete, umeshonwa upya kwa fundi kwa uzi wa viatu." Huo mkoba unauzika, tena mnunuzi anajua eneo hilo liko imara kuliko lilivyokuwa.

Sheria hii imenisaidia kwa namna ambayo sikuitegemea: siku hizi ndiyo inayonichagulia mzigo sokoni. Naugawa hivi.

Fungu la kwanza: kazi ninazoweza kufanya mwenyewe na kuziandika bila wasiwasi. Zipu ngumu, napitisha mshumaa kwenye meno yake, inateleza. Sweta lenye vinundu, nalitandaza mezani na kuvinyoa kwa wembe taratibu. Kifungo kilichopotea, nabadilisha vyote vifanane, kwa sababu kifungo kimoja cha tofauti kinaonekana kama uzembe, lakini seti mpya inaonekana kama umekusudia. Zipu inayojifunga halafu inaachia nyuma, mara nyingi kichwa chake kimelegea: unakibana kidogo kwa plaizi, kushoto na kulia sawasawa, usikivunje. Ila kubana huku kunaweza kulegea tena, hivyo naandika kwamba kichwa kimebanwa, au nambadilishia kabisa.

Fungu la pili: kazi za fundi. Kushona soli, kubadilisha zipu nzima, kuweka kitambaa kipya cha ndani ya mkoba. Na chochote cha umeme. Pasi, blenda, taa ya mezani: kama hujasomea, usijaribu. Kiatu kikiachia mteja anajikwaa, lakini waya ukiachia mtu anaweza kufa. Mimi nimeacha kabisa kuuza vya umeme.

Fungu la tatu: usiguse, hata ukipewa bure. Hapa wengi tunapigwa. Chukua mkoba wa ngozi bandia ulioanza kubanduka. Ile ngozi ya juu mara nyingi ni tabaka la plastiki liitwalo poliuretani lililopakwa juu ya kitambaa. Unyevu wa hewa unaivunja polepole, na ikishaanza kubanduka hairudi. Ukipaka rangi leo, wiki ijayo rangi inabanduka pamoja na ngozi. Soli nyingi za viatu vya michezo zina plastiki ya aina hiyo hiyo. Ndiyo maana unakutana na raba inayoonekana mpya kabisa, pengine ilikaa kabatini miaka, halafu mteja anaivaa siku mbili soli inamegeka kama keki. Gundi haisaidii hapo, kwa sababu soli yenyewe ndiyo imekufa. Kabla hujalipa, kunja kiatu, bonyeza soli kwa kidole gumba. Ikipasuka vijimstari au ikiacha unga unaonata, rudisha mezani kwa muuzaji.

Na jambo la usalama kwa mnaong'arisha vitu vyeupe: ile dawa ya kung'arisha nguo yenye klorini usiichanganye na siki, wala na dawa ya kusafishia choo yenye asidi. Inatoa gesi ya sumu. Wengi tunafanyia kazi hizi bafuni, mlango umefungwa. Tumia kimoja, suuza, fungua dirisha.

Sasa najua mtaniuliza: "Sawa, nikiandika kila kasoro, bei si itashuka?" Sitawadanganya. Wapo watakaoshusha. Wapo watakaosema "aah, kumbe kimeshonwa" na kuondoka. Mimi nimepoteza oda kwa sababu ya maelezo yangu mwenyewe, na siku ambayo kodi ya nyumba inakaribia, inauma. Lakini angalia upande wa pili.

Nilinunua jaketi ya jinzi kwa 5,000. Kiwiko cha kushoto kilikuwa kimechanika tundu la kupitisha vidole vitatu. Zamani ningetafuta kitambaa cha rangi ile ile, nikakishonea kwa ndani, nikaomba Mungu mteja asione. Safari hii nilienda kwa fundi cherehani, nikamwomba vipande vya kitenge vilivyobaki. Akanipa bure. Nikachagua kipande chenye njano na bluu, akakishona kwa nje, kiwiko cha kushoto na cha kulia ili vifanane, akanidai 3,000. Nikabadilisha vifungo vyote, 2,000. Jumla 10,000.

Nikaandika hivi: "Jaketi ya jinzi, mtumba. Kiwiko cha kushoto kilichanika, nimeweka viraka vya kitenge viwiko vyote viwili, vimeshonwa kwa cherehani. Vifungo ni vipya. Fua kwa maji ya baridi mara ya kwanza, kitenge kinaweza kuachia rangi. 25,000." Nikaweka picha ya kiraka kwa karibu, na picha ya lile tundu kabla halijazibwa.

Ikauzwa siku hiyo hiyo. Kilichonishangaza ni watu watatu waliokuja inboksi baada ya hapo. Hawakuulizia jaketi, waliulizia kiraka. "Unayo nyingine yenye kitenge?" Faida 15,000, sawasawa na hasara niliyoipata kwenye ule mkoba. Tofauti ni kwamba kiraka cha kwanza nilikificha na cha pili nikakipiga picha.

Somo nililopata ni hili: ukificha rekebisho, linabaki kuwa kasoro siku zote, unakaa roho juu likigundulika. Ukilionesha na limefanywa vizuri, linageuka kuwa sababu ya kununua. Majaketi ya jinzi yamejaa sokoni, kila muuzaji anayo. Lenye viwiko vile vya kitenge lilikuwa moja tu, kwangu.

Nina onyo kwa wale ambao, kama mimi, tunapenda kazi ya mikono: usisahau kujilipa. Kuna Jumapili nzima niliitumia kusugua raba nyeupe kwa mswaki, nikazianika zikiwa zimefunikwa karatasi nyeupe zisipate madoa ya manjano, nikazishonesha, nikaziuza. Faida 4,000. Saa saba za kazi! Mtaani kwangu mtu akimfulia jirani nguo muda huo anapata zaidi. Siku hizi kila kitu kina kikaratasi: bei ya kununua, vifaa, fundi, nauli ya kwenda kwa fundi, na saa zangu. Saa moja najiwekea 2,000. Kama hesabu haifiki, sikinunui hata kiwe kizuri vipi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, ni kweli, lakini kwanza angalia kama huo ukuta ni wako na unastahili saruji.

Jambo la mwisho: tusidhani kusema ukweli kwenye posti ni hisani tunayomfanyia mteja. Hapa Tanzania tuna Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, na inakataza kumpotosha mnunuzi kuhusu bidhaa. Haisemi kwamba muuzaji mdogo wa kwenye simu ameruhusiwa kidogo. Lakini hata bila sheria, sisi hatuna duka lenye mlango ambao mteja atarudi kugonga. Duka letu ni jina na zile picha. Mnunuzi wa Mwanza au Mbeya hawezi kuushika mkoba, kuvuta mkanda, kunusa gundi. Maneno yako ndiyo mikono yake.

Kwa hiyo kabla ya posti yako inayofuata, fanya kazi hii ndogo. Chukua kitu kimoja ulichokirekebisha, andika sentensi tatu: kilikuwa na nini, umefanya nini, kinahitaji uangalizi gani. Weka picha ya kabla na ya baada. Kama sentensi ya pili inakufanya usite, usikiposti. Kirudishe kwa fundi, au kiuze kama kilivyo kwa bei ya kasoro yake, kuna watu wanatafuta hivyo hivyo wakatengeneze wenyewe.

Yule dada wa Morogoro bado yumo kwenye orodha yangu. Huwa naona ameangalia status zangu. Ile ya jaketi aliiangalia pia. Hakuandika kitu. Mimi naendelea kuandika kila kiraka, kila mshono, na siku akiamua kurudi atakuta kila kitu kimesemwa.

Wewe je, umewahi kupoteza mteja kwa kuficha, au kwa kusema? Tuambiane hapa, tujifunze pamoja. Biashara njema.