Gari la familia ni hesabu ya wingi

Mfanyabiashara wa Mpanda anaponunua pikapu ya Kijapani iliyokwisha tumika, haulizi kwanza mwendo wala rangi. Anauliza vipuri. Swali hilo linaeleza pia kwa nini Fiat ya Italia ilidumu, na Nyayo Pioneer ya Kenya haikufika sokoni.

Fiat ilianzishwa Turin mwaka 1899, na magari yake ya mwanzo yalikuwa ya matajiri. Mwaka 1912 ikatoa Zero, gari dogo la familia, lakini yalitengenezwa kama 2,000 tu kabla ya vita kuingilia. Mwaka 1919 ikaja 501. Hadi 1926 yalikuwa yametoka zaidi ya 40,000. Hapo gharama ya mitambo iligawanyika kwa magari mengi, na mwenye duka aliona faida ya kuweka vipuri.

Mwaka 1986 Rais Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari, hata kama lingekuwa baya na la polepole. Wahandisi walitimiza: mwaka 1990 magari matano yalionyeshwa Kasarani, na mwendo wake ulifika kilometa 120 kwa saa. Fedha za kuyatengeneza kwa wingi hazikupatikana. Kosa halikuwa la wahandisi. Magari matano ni maonyesho, si biashara.

Mwenye akiba ndogo Katavi akishawishiwa kununua hisa za kiwanda cha magari, aulize kitatoa mangapi kwa mwaka, na kama klachi yake itapatikana Mpanda au itasubiriwa kutoka Dar es Salaam.